Mpaka Katikati ya Diski

Kwa miaka thelathini na moja Bwana Mipaka alipima viwanja vya watu, na muda wote huo alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko chakula: kiwanja hakipimwi mwenyewe hayupo. Mwenye shamba akichelewa, yeye alikunja kamba yake, akaketi juu ya begi la vifaa, akasubiri. Wakubwa walimgombeza, madereva walimnunia, wala hakuambilika. Jina hilo alibandikwa na majirani waliochoshwa na habari zake, na ukimwita hivyo hadi leo anavimba kichwa.

Sasa amestaafu, na kustaafu kumemkaa vibaya. Wapimaji wenzake wana kikundi chao kwenye simu, na humo mmoja alitangaza kwamba ameweka mfumo endeshi wa pili kwenye kompyuta yake ya nyumbani, ule wa bure wenye programu ya kuchora ramani, na wa kwanza bado uko palepale. Ukiwasha mashine, inakuuliza unataka kuingia upi. Bwana Mipaka akajibu kwamba hata yeye yuko mbioni kuuweka. Hakuwa mbioni kokote. Alikuwa sebuleni amevaa kandambili. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka.

Kompyuta ya nyumba hiyo ni moja, ile ya kukunja, inakaa mezani kando ya kabati la vyombo, na mwenye kuitumia hasa ni mkewe. Huyo ni mkunga mstaafu. Mwaka wa nne huu anaandika kitabu cha kuwafundisha wakunga wapya, kwa vidole viwili, na alikuwa amefika sura ya sita, ya mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Ana tabia moja: haizimi mashine. Akichoka anaifunika tu, ikalala, kesho yake anaifunua na kuendelea pale alipoachia. Wodi, anasema, haikuwahi kuzimwa taa.

Basi mkewe alipokwenda kumuuguza dada yake mji wa pili kwa siku nne, Bwana Mipaka akaona nafasi ndiyo hiyo. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ni fundi wa kompyuta, alikuwa ameshampa flashi yenye mfumo mpya. Aliichomeka asubuhi baada ya chai. Mashine ikamuuliza lugha, ikamuuliza saa, kisha ikamchorea diski nzima kwa mstari mmoja mrefu na kumtaka aseme mpaka kati ya mfumo wa zamani na mpya upite wapi. Hapo alifurahi kama amerudishwa kazini. Alikwenda kuchukua rula, akaupima ule mstari juu ya kioo, akaweka mpaka katikati kabisa, kwa haki.

Mashine ikakataa. Sehemu ya kwanza haiwezi kupunguzwa, iliandika, kwa kuwa mtumiaji wake hajafunga kazi zake.

Alijaribu tena. Akahamisha flashi kwenye tundu jingine. Akashusha ombi lake kutoka nusu hadi theluthi, akidhani ni jambo la kuelewana. Siku ya pili aliipuliza vumbi. Siku ya tatu akameza kiburi na kumpigia shemeji, naye akacheka kidogo, kwa adabu, akamweleza kwamba mashine imelala tu, haijazimwa, na kazi za dada zimeshikiliwa humo. Dada aingie kwa nywila yake, ahifadhi, aizime kabisa. Njia ya kulazimisha ipo, ila kilichoachwa wazi kitapotea.

"Msubiri dada, shemeji," alisema. "Si anarudi kesho?"

Mtu aliyewahi kukaa juu ya begi saa sita akimsubiri mkulima asiyemjua alishindwa kumsubiri mkewe siku moja. Kikundini walikuwa wameshamuuliza mara mbili amefikia wapi. Akajiambia kwamba alichoacha wazi mama huyu hakiwezi kuzidi ukurasa. Akapiga moyo konde, akabofya "Lazimisha".

Mfumo mpya uliingia kwa dakika ishirini. Alipiga picha, akaituma, akapongezwa sana. Halafu, akiwa ndani ya mfumo mpya usiodai nywila ya mkewe, akafungua mafaili ya kitabu kuchungulia. Sura ya tano ilikuwa kamili. Sura ya sita ilikuwa na mistari kumi na moja, kwa sababu asiyezima mashine huwa pia hana habari ya kuhifadhi. Wiki tatu za kazi zilikuwa zimekwenda na maji.

Akampigia shemeji tena. Shemeji alikuja, akatafuta mchana kutwa, akaondoka bila kunywa chai. Bwana Mipaka aliogopa, na hakuogopa kugombezwa. Aliogopa uso wa mkewe wakati utakapoinama kusoma.

Alimweleza mwenyewe, akiwa amesimama, kabla mkewe hajatua mkoba. Mkewe akaketi, akasoma mistari yake kumi na moja hadi mwisho.

"Ulipopima," aliuliza, "mwenye kiwanja alikuwa wapi?"

Mkewe akampisha kiti na kumwambia avae miwani: yeye atasema, mume ataandika.

Waliandika siku tisa. Bwana Mipaka, baba wa watoto watatu, alijua uzazi kwa namna ya kupelekewa habari tu, na sasa aliandika damu inapimwaje kwa macho, na mkono unawekwa wapi. Alikosea sana, akarekebishwa bila kubembelezwa. Siku ya tisa mkewe alitaka wafunge sura kwa mfano mmoja.

"Mama mmoja, uzazi wa kwanza," alisema taratibu. "Amefika kituoni peke yake. Damu imekataa kukatika kwa saa mbili. Mume yuko safarini, anapima mashamba. Amepelekewa habari, akajibu hawezi kuondoka, wenye mashamba wameshafika."

Vidole vilisimama. Bwana Mipaka akauliza bila kugeuka:

"Hii ilikuwemo kwenye ile iliyopotea?"

"Haikuwemo," alisema mkewe. "Hifadhi kwanza, ndipo tuendelee."