Kimya Nilichokikata kwenye Kanda ya Mzee Thomas

Nimewahi kusikia mtu akipumua ndani ya kanda isiyo na mtu. Cheka tu, ila soma mpaka mwisho.

Mwaka 1993, biashara ya nje imefunguliwa, mtaa wetu wa Majengo umejaa redio za Dubai. Mimi Imrani nilikuwa fundi wa kurekodi kanda dukani kwa Mansukh. Kichwa kilinivimba kweli, maana mji mzima ulinijua.

Mchana mmoja akaingia Mzee Thomas, Mskoti aliyelima zabibu Makutupora miaka mingi. Kakonda, anakohoa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaweka kanda nne mezani.

Akanieleza kwamba ile ndiyo historia ya kundi lao la muziki wa asili wa Uskoti. Walikuwa wanne: zumari, filimbi, gitaa na yeye mwenye fidla. Alitaka nimuunganishie zote kwenye kanda moja, ipigwe siku ya mazishi yake.

"Usiongeze, usipunguze," alisema. "Sitapata nafasi ya kuja kurekebisha."

Nikamwambia aondoe shaka, amefika kwa fundi.

Alipoondoka nikasikiliza. Kanda ya kwanza, wimbo mtamu, kila chombo na zamu yake.

Ya pili, wimbo uleule. Ikafika zamu ya zumari, kimya. Na ndani ya kimya, watu wanapumua.

Nywele zilinisimama.

Ya tatu, zumari na filimbi hazipo. Ya nne, fidla peke yake, kisha kanda ikazunguka tupu dakika nne nzima, na pumzi ya mtu mmoja.

Nikasoma Ayatul Kursiy. Niliogopa, sifichi.

Halafu dukani kwetu kanda yenye kimya ilikuwa aibu, mteja anairudisha akidai umempunja. Basi nikakata kimya chote. Mwishoni nikabandika tangazo la duka, kama kawaida yetu.

Mzee akachukua mzigo wake bila kuusikiliza. Wiki mbili baadaye akafariki.

Tulipomaliza kufukia, mkewe, Mama Joha, akaniomba niiweke ile kanda kwenye redio. Nyimbo zikakimbizana bila kupumzika. Nikaona ananitazama. Fidla ikaisha, akainamisha kichwa, na papo hapo redio ikapaza: "Kwa kanda safi, fika kwa Mansukh, Majengo!"

Watu wakacheka. Mama Joha hakucheka.

"Imrani, kimya chao umekipeleka wapi?"

Ndipo akaniambia. Kila alipokufa mmoja wa kundi, waliobaki walikataa kumweka mwingine mahali pake. Ikifika zamu yake walinyamaza, wakamsubiri. Pumzi nilizosikia zilikuwa za walio hai.

Zile dakika nne za mwisho, mzee alijirekodi akiwa amekaa na fidla mapajani. Alijua hakubaki wa kumsubiri yeye.

"Tulitakiwa tumsubiri sisi," Mama Joha alisema.

Nikamwomba kanda za awali nirudie kazi, hata siku hiyohiyo. Akanionyesha kaburi. Zilikuwa ndani ya jeneza, mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza.

Mpaka leo naona aibu.

Ndugu zangu, ukikuta pengo kwenye kitu cha mtu, muulize kabla hujaliziba. Huenda kuna mtu anasubiriwa pale.