Paa la Manjano

Nilishuka Eldoret nikielekea Kitale, na Kitale sikufika. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu sikuweza kukaa mahali pamoja nikitazama ubao. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kushuka popote palipo na kibarua.

Katika mtaa wa West Indies nilipanga chumba kwa mjane kutoka Murang'a tuliyemwita Mama, mwenye duka mbele ya ploti. Mwanawe wa pekee alikuwa rubani katika jeshi la wanahewa. Marubani wetu wa jeti walikuwa bado wachache, vijana waliokalia viti ambavyo juzi tu vilikuwa vya Wazungu waliowafundisha.

Alipokuja likizo nilimsumbua kwa maswali. Masikio huziba? Mkibanwa na haja ndogo je? Mvua ya mawe inaonekanaje ukiwa juu yake? Alijibu yote. Kisha Mama naye akauliza lake.

"Ukipita huku juu, nyumba yetu unaiona?"

"Mama, mji wote ni mabati. Nikianza kuitafuta, nishafika Turbo."

"Na Elgon View?"

"Kule kuna vigae vyekundu. Hao nawaona."

"Kumbe matajiri ndio unaona," Mama akasema. Mimi na mwanawe tulicheka; yeye hakucheka.

Aliporudi kambini, Mama akanunua rangi ya mafuta na kunituma nipake paa lote manjano. Majirani waliuliza kama anafungua hoteli. Mimi nilifurahi kuwa juu, nikiona barabara ya Uganda ikiondoka mjini. Kila lori lilinivuta miguu. Ndege yoyote ikinguruma, Mama alitoka dukani na mawe ya mizani mkononi.

Nilikuwa nimefika nusu ya paa asubuhi ile redio iliposema serikali imepinduliwa. Kabla ya giza ikasema haijapinduliwa, na kwamba waliojaribu ni wanahewa. Walikamatwa wengi, hata wasiojua lolote. Wiki kadhaa zikapita bila habari za mwanawe, nami nikawa nimeweka brashi chini. Wateja wakaanza kununua sukari kwingine.

"Endelea kupaka," Mama aliniambia.

Sikumaliza. Chifu msaidizi alikuja na kijana wa chama tawala mwenye beji kifuani.

"Mama, hii rangi ni ya nini?"

"Ya paa."

"Paa sisi wa chini hatulioni. Unampakia nani?"

"Mtoto wangu."

Kijana wa chama akanipigia kelele. "Na wewe huko juu, shuka! Unaonyesha ndege ishara?"

"Ndege gani, bosi? Hata kunguru hawapiti siku hizi."

Mama alinitupia jicho nikanyamaza. Chifu akashusha sauti. Alikuwa mkulima wa hapo hapo Uasin Gishu, na kabla ya hayo mambo alikuwa akinywa chai dukani humo. "Mama, mimi nakuelewa. Lakini wakubwa wakiniuliza, nitasema nini? Ijumaa nikute ni kijivu."

Nilinunua ile rangi ya kijivu. Lakini Ijumaa asubuhi nilikuta ngazi imefungiwa dukani.

"Nikilifunika hilo paa," Mama alisema, "ni kama nimemwambia asirudi."

Nikazunguka uani kama kuku, sijui nikae au nichukue mfuko wangu niende zangu. Mchana mtu akasukuma geti. Alikuwa amekonda, amenyolewa kichwa, amevaa koti ambalo si lake. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku.

"Wamekuachilia?"

"Hawakupata kosa. Lakini jeshi lenyewe limevunjwa, Mama. Sina kazi."

"Umekula?"

Alikuwa ameliona paa. Alilitazama hadi nikaona haya, maana nusu niliyoipaka ilikuwa na michirizi.

"Nilitaka uione nyumba," Mama akasema.

"Hii ningeiona nikiwa Nakuru."

Nikamweleza habari ya chifu. Akaomba ufunguo wa duka, akaitoa ngazi mwenyewe, akapanda na kopo la kijivu. Nilimfuata. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa: nikamwuliza kama atawahi kuruka tena. Alinipa brashi ya pili, akaniambia nianzie upande wa barabarani.

Mama alitoka na sahani ya githeri.

"Acheni kidogo huko nyuma," akasema kutoka chini. "Hakuna mtu anapita huko."

"Mama, mimi niko hapa. Unamwonyesha nani tena?"

Mama aliweka sahani chini, akaja akashika ngazi isiteleze.