Moto Usiofika Shimoni

Niliamini, na ningeapa mbele ya askofu na kadhi siku moja, kwamba ukiwasha jiko la gesi ya samadi, moto unarudi kinyumenyume ndani ya paipu, unashuka mpaka shimoni gesi inakotoka na kuunguza vijidudu vyote vya uchafu. Kwa hiyo uji wa samadi unaotoka upande wa pili wa shimo ni safi kuliko maji ya mfereji. Nilikuwa nimetoka kupata cheti changu cha shule ya usiku kule Kaloleni, tena sayansi nilipita! Nikaitangaza habari hiyo Otonglo nzima kwa sauti ya mhubiri.

Aliyetuambia ni fundi aliyetujengea shimo, mimi na majirani. Tulililisha samadi ya ng'ombe na matumbo ya samaki kutoka ufuoni, matumbo yenye harufu ya kufanya Uganda wafunge mpaka. Kwenye mchoro wake palikuwa na pipa la kupashia uchafu huo moto kabla haujaingia shimoni. Pipa hatukuliona. Tulipomuuliza, akacheka. "Mzee, pipa la nini tena? Moto si mnao jikoni? Unarudi wenyewe shimoni."

Mke wangu akawa anamwagia dania yake ule uji asubuhi, jioni anawapelekea akina mama wanaokaanga samaki ufuoni, waikatie kwenye kachumbari. Na kachumbari, kama mjuavyo, haipikwi.

Siku moja alirudi na karai limejaa vilevile alivyoondoka nalo. Mteja wake mkubwa alikuwa amemwambia mbele ya watu, "Mama, dania yako imefunga hoteli yangu. Wateja wanaagiza samaki, wanamalizia chooni!" Wengine wakaangua kicheko. Hakuna aliyenunua hata shada moja. Mke wangu akalitua karai mlangoni, akaketi.

Nilimwendea yule fundi nikiwa nimefura kama samaki kamongo. Unajua alinijibu nini, bila haya? "Mnapika chakula kidogo. Washeni jiko muda mrefu, moto ufike chini." Nami nikaenda kuwasha! Mchana kutwa nilichemsha sufuria ya maji matupu, nikamaliza gesi ya majirani wote. Mpaka leo nikikumbuka uso wake damu inanichemka. Mtu anaruka kazi aliyoahidi, halafu anakupa hadithi ya kufunika pengo!

Mke wangu ndiye aliyemleta afisa wa afya, mama mmoja mkali mwenye gambuti. Alichungulia shimo, akaitazama dania, akauliza pipa liko wapi. Nikamweleza habari ya moto kurudi, kifua mbele.

"Baba," akasema, "kinachowaka jikoni ni gesi peke yake. Moto hauendi shimoni. Ungekuwa unaenda, shimo lingelipuka, na leo ningekuja matangani kwako. Vijidudu vinakufa uchafu ukipashwa moto wa kuunguza mkono, saa nzima, kabla ya kuingia. Ng'oeni hii dania yote. Mpaka mpate pipa, huu uji muumwage kwenye migomba, usiguse kitu kinacholiwa kibichi."