Kidole cha Mchambuzi

Jumamosi asubuhi watu wa Kasese, magharibi mwa Uganda, walikuwa wakifungua redio kusikia sisi wawili tukitukanana. Yeye alikuwa mchambuzi wa siasa, mwalimu mstaafu kutoka Bwera. Mimi ni mchekeshaji, na mdomo wangu hauna breki. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, kwa ajili ya familia za wafanyakazi wa migodi na kiwanda cha sementi na watu wa mpakani mwa Kongo. Yeye aliichambua habari ya wiki, mimi nikaichafua. Nilimwita redio mbovu isiyozimika. Aliniita debe tupu, kisha akaliomba debe msamaha.

Maikrofoni yetu ilikuwa moja. Aliyetaka kuingilia kati hakukohoa wala hakupunga mikono. Alimgonga mwenzake kwa kidole kwenye kifundo cha mkono, na mwenzake akaachia. Sheria hiyo aliitunga yeye, na yeye ndiye aliyenigonga zaidi.

Kipindi kikiisha aliniuliza kama nimekula, huku akitoa ndizi kwenye mfuko wa koti. Alinikataza kumwambia mtu. Wasikilizaji wakijua tunapendana, alisema, utamu wote utaisha. Wagombanao ndio wapatanao, lakini sisi tulipatana kwa kujificha kama wezi. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi.

Kisha akapigwa na kiharusi. Habari zilizofika Kasese zilisema amelazwa hospitali ya Bwera, hasemi neno, macho yako wazi, na hakuna anayejua kama bado anaelewa. Nilifanya kipindi peke yangu nikaona aibu. Utani usio na wa kuukasirikia ni kelele tu.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, chupa ya chai mkononi. Alinitambua kwa sauti, niliposalimia tu, akanivaa kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Weye njo ule mutoto anatukanaka bwana yangu mu redio?"

"Ni mimi, mama. Pole na kuuguza."

"Unakuja kumumalizia hapa?"

Mgonjwa wa kitanda cha karibu akadakia kwamba kweli nilikuwa nazidi. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Kumbe mzee aliitunza siri yetu hata nyumbani kwake! Nikamweleza mama yote: kwamba matusi yalikuwa kazi, kwamba kila Jumamosi mumewe alinilisha ndizi.

Akaweka mkono kiunoni.

"Ndizi," akasema. "Kumbe njo weye unakulaka ndizi yangu! Mimi nawaza iko panya."

Akasogea, nikapita.

Mzee alikuwa ameelekeza macho kwenye dari. Amekonda, na mtu alikuwa amemnyoa vibaya.

"Tuliimba, tuliomba Mungu," mama aliniambia polepole. "Anaangaliaka tu kule juu. Sijue kama anatusikia."

Nilimpa mzee pole, nikamtajia redio, nikamtajia salamu za wasikilizaji. Hakuna kitu. Nikaushika mkono wake mzima, ule usiopooza, nikauweka juu ya wangu, nikakaa kimya. Sikuzoea kukaa kimya. Kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua.

"Wasikilizaji," nikaanza kwa sauti ya redioni, wodi nzima ikageuka, "leo yule redio mbovu amezimika, basi tuongee ukweli. Lile daraja diwani alilolikatia utepe, mto ukaja ukalibeba. Mimi nasema diwani hana kosa. Kosa ni la mto. Mto haukualikwa kwenye sherehe."

Mtu mmoja akacheka. Mama alinikazia macho. Nilikuwa najua mzee hawezi kuvumilia diwani kutetewa, hata kwa utani, kwa hiyo nikaendelea kumsifu. Nikasema ni kiongozi mwenye maono. Nikasema fedha za daraja zilitumika vizuri, maana suti ya diwani sisi sote tumeiona.

Kidole kikanigonga.

Kilikuwa dhaifu. Nikadhani ni mtetemeko tu wa ugonjwa, nikaendelea na diwani wangu. Kikanigonga tena, palepale kwenye kifundo, kwa hasira. Nikageuka. Macho yake yalikuwa yametoka darini, yananitazama mimi.

"Anataka nini?" mama akauliza.

"Anaomba maikrofoni, mama. Anataka kunijibu."

Mama akaiweka chupa chini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Basi nyamaza, mutoto wangu," akasema. "Mwachie."