Mashine ya Vifaranga ni Kifaa cha Umeme?

Juzi, katika ofisi moja ya mazingira mjini Homa Bay, mama kutoka Oyugis aliweka kwenye kaunta mashine ya kuangulia vifaranga aliyoiunda mwenyewe: sanduku la mbao lenye balbu ndani. Alikuwa ameambiwa asiuze nyingine kabla hajajisajili kama mtengenezaji wa vifaa vya umeme, ili ijulikane nani atawajibika vikiharibika na kuwa taka.

Karani aligonga ubao wa sanduku. "Hii ni fanicha. Balbu ndiyo ya umeme."

"Balbu nimenunua tu. Nimetengeneza sanduku."

Karani akamwita mkubwa wake. "Chochote kinachotumia stima kinasajiliwa, mama," mkubwa akasema.

"Na stima ikipotea nikitumia jiko la makaa?"

Mkubwa akasema ajisajili tu. Akajisajili. Anaendelea kuuza, ingawa hakuna aliyemwambia mbao zikioza ni taka gani.