Kadi Mbili na Maji ya Bwaise

Shangazi yangu alitaka kujua jambo moja tu: sakafu ya nyumba yake mpya iinuliwe kiasi gani, na upande gani, ili maji yasiingie. Mafundi wangekuja kumwaga zege Jumatatu. Nyumba yake ya kwanza pale Bwaise, mtaa wa bondeni, mafuriko yaliiharibu mara tatu, na hii ya pili, kwenye kiwanja kilekile, ndiyo ilikuwa imebeba nguvu zake za mwisho. Alisema hivyo mwenyewe, bila kulia, huku akichambua mchele.

Mimi ninachora ramani za nyumba kwa kompyuta, kwa hiyo nilijiona ndiye mjuzi. Nikamwambia maji yanatoka mbele, kwenye mtaro wa barabarani, hata kipofu anajua.

"Hapana," akasema. "Inatokea nyuma, kwa choo."

"Shangazi, huko nyuma kuna ukuta wa jirani. Yatapita wapi?"

Aliendelea kuchambua mchele. Yeye ndiye aliyenilea katika kambi ya polisi, wakati baba yangu alikuwa polisi wa kuhamishwa kila mwaka, na hakuwa na tabia ya kubishana na mtoto aliyemsomesha mwenyewe. Kiburi changu cha siku ile bado kinaniuma.

Ili nimthibitishie, tulipima mtaa kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi huujaza maji ili wajue wapi ni juu na wapi ni chini. Shangazi alishika ncha moja, mimi nyingine, siku mbili, tukipita nyuma ya vyoo na katikati ya nguo za watu zilizoanikwa. Vipimo vyote nikaviingiza kwenye programu inayoiga mwendo wa maji: unainyeshea ramani mvua, halafu unatazama maji yanakwenda wapi. Kompyuta yangu ilijaribu, ikahema, ikazimika. Haikuwa na kadi ya grafiki ya maana, ile inayofanya mahesabu mengi kwa mpigo.

Basi Jumamosi asubuhi nikaikumbatia kompyuta juu ya boda boda, shangazi akanifuata kwa boda nyingine, tukateremka mjini, Nakivubo. Pale kuna Mkongo mmoja anayeuza kadi zilizotumika. Sheria yake ni kwamba kadi haitoki dukani mpaka ijaribiwe ndani ya mashine yako, mbele ya macho yako. Alimpa shangazi kiti na kunipa mimi kadi mbili.

Ya kwanza ilikuwa na viini vya kukokotolea karibu elfu tano na memori ya gigabaiti nane. Ya pili ilikuwa na viini elfu tatu na mia tano hivi, lakini memori yake ilikuwa gigabaiti kumi na mbili. Shangazi akauliza maana yake. Nikamweleza kwamba viini ni vibarua, memori ni kiwanja wanachofanyia kazi. Akaitikia kwa kichwa, akasema vibarua wengi mahali padogo hukanyagana tu. Nilicheka. Sikumsikiliza.

Nilianza na kipande kidogo cha ramani. Kadi ya kwanza, dakika kumi na moja. Tukabadilisha. Kadi ya pili, dakika kumi na moja vilevile. Damu ikanipanda. Nikamwambia yule Mkongo kwamba kadi zake ni maganda matupu, na wateja wawili wa duka la jirani wakageuka kutazama.

Yeye hakukasirika. Aliingiza mkono ndani ya mashine, akaweka kiganja kwenye mgongo wa kadi.

"Ndugu, weka mkono hapa."

Nikaweka. Chuma kilikuwa baridi kabisa.

"Hii bado kufanya kazi," akasema. "Ya kwanza pia. Wewe ulimpa nani kazi?"

Nilifungua mipangilio ya programu huku masikio yananiwaka. Kazi yote nilikuwa nimeiacha kwa prosesa ya zamani, ubongo wa kompyuta yenyewe. Kadi zote mbili zilikaa mle ndani bila kuitwa, na mimi nikazitukana. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia matusi. Akasema, "Kale, sawa, hakuna neno," akaenda kuchukua bisibisi.

Safari hii feni zilivuma. Kadi ya viini vingi ilimaliza kipande kile kabla sijakaa sawa, na ya pili ikafuata nyuma yake kidogo tu. Moyo wangu ukaiangukia ile ya kwanza. Kisha nikapakia mtaa mzima, na kadi yangu mpenzi ikasimama papo hapo: memori haitoshi. Sikuthubutu kumtazama shangazi. Ile ya pili iliupokea mtaa wote bila kulalamika, ikafanya kazi kwa dakika ishirini na tano, na mgongo wake ukawa moto hata mkono haukai.

Halafu mvua ikanyesha kwenye skrini. Nimechora nyumba nyingi maishani, lakini sijawahi kuona kitu kama kile, na mwili ulinisisimka. Elfu tatu na mia tano ya vile viini, kila kimoja kikishika kijisehemu chake cha udongo na kumuuliza jirani maji yamefika wapi kwake, mara nyingi kwa kila sekunde, na hakuna aliyeviambia mwisho wake. Mtaro wa barabarani ulijaa lakini haukufurika. Nyuma, maji yaliufuata ukuta wa jirani polepole, yakapata upenyo kando ya choo, yakageuka, yakaingia mahali ambapo nilikuwa nimechora chumba cha kulala cha shangazi.

Shangazi alisimama kutoka kwenye kiti. Alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Ndiyo hiyo," akasema taratibu. "Ndiyo hiyo yenyewe." Kisha akamgeukia Mkongo. "Baba, hiyo kadi iliishi Bwaise miaka mingapi?"

Yule bwana alicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Shangazi alikuwa ameishi pale miaka ishirini, na mimi nilihitaji chuma cha moto kiniambie kwamba anasema kweli. Nilimwambia, "Shangazi, nisamehe," na akanipigapiga begani.

Jumatatu mafundi waliinua sakafu upande wa nyuma na kuyaachia maji njia kando ya choo. Mvua kubwa ilisubiri mpaka kuta zimesimama na mabati yamepigiliwa. Siku ilipokuja, shangazi alinipigia simu, akasema neno moja, "Njoo," akakata.

Nilifika nimekunja suruali mpaka magotini. Nje, nyuma ya nyumba, maji yalikuwa yakipita kwa kelele. Yeye alikuwa chumbani, amesimama karibu na ukuta wa nyuma, kiganja chake juu ya plasta.

"Weka mkono hapa," aliniambia.

Nikaweka. Ukuta ulikuwa mkavu.