Tabo Iliyopigiwa Kura

Enzi zetu gari lilikuwa la kijiji kizima, na mtu asiniletee habari za gari lake la mkopo. Sisi kule Mbozi, kata ya Ruanda, tulikuwa na lori moja la dizeli, la ujamaa, na kila mtoto alijua anamiliki kipande gani. Mimi nilikuwa na taa ya kushoto. Asubuhi za baridi, ukungu umelala juu ya kahawa, tulikwenda shule na viazi vya moto mifukoni: kwanza tunaota joto lake, saa nne ndiyo tunavila. Jioni tunaendesha magari ya mabua, tunaunguruma kwa midomo mpaka mate yanaruka. Mtoto wa leo ananunuliwa gari la betri, linaunguruma lenyewe, yeye amekaa tu katoa macho kama mgonjwa.

Lori letu lilikuwa zito kwenye milima. Likipanda Senjele na magunia ya kahawa, akina mama waliokaa juu ya mzigo walikuwa wanashuka, wanatembea pembeni wakipiga soga, kisha wanalisubiri kule juu.

Fundi wake alikuwa baba yangu. Chuo chake kilikuwa kufungua kitu, kushindwa kukirudisha, na kuchapwa na babu. Lakini mpaka leo sijaona fundi wa kumfikia, na anayebisha aje nimsubiri hapa hapa.

Basi Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba bwana mkubwa wa wilaya anakuja kutazama kahawa yetu ikipakiwa, kwa hiyo lori lipate nguvu. Alisema kama anaagiza chumvi. Baba akaenda Tunduma kwa Mzee Shabani, mtu wa Kigoma, mwenye malori, aliyekuwa na gari dogo la petroli lililopinduka likitoka ng'ambo. Kwenye injini yake kulikuwa na tabo, ile konokono ya chuma inayozungushwa na moshi ili isukumie injini hewa.

"Chukua, fundi," Mzee Shabani akamwambia, "ila kumbuka haka kametoka kwenye petroli, kadogo. Dizeli lako lina mapafu ya ng'ombe. Ukikalazimisha kanakufa."

Baba alikata bamba kutoka jembe la ng'ombe, akatoboa matundu, akakafunga. Bomba la oili alilitoa kwenye breki za trekta bovu. Na kamlango kadogo kalikokuwa ubavuni mwa tabo akakaacha huru, maana kazi yake ni kufunguka moshi ukizidi, upite pembeni, konokono isizunguke kama kichaa. "Haka kamlango ndiyo roho yake," alituambia.

Siku ya majaribio lori lilipiga mluzi, likapanda Senjele! Akina mama wakashuka kwa mazoea, lori likawaacha.

Hapo ndipo siasa ikaingia kwenye spana. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Mwenyekiti akasimama na koti lake zito, lile alilovaa hata jua likiwaka.

"Fundi, pale kwenye kamlango kunatoka nini?"

"Moshi uliozidi, Ndugu Mwenyekiti."

"Moshi wa lori la nani?"

"La kijiji."

"Unakwenda wapi?"

"Unakwenda tu. Nje."

"Mmesikia ndugu zangu? Nguvu ya kijiji inakwenda nje! Huu ni ubadhirifu!"

Baba akajaribu. "Ndugu Mwenyekiti, chuma hakisikii hotuba." Watu wakacheka, halafu wakapiga kura. Mikono yote ikapanda juu: kamlango kafungwe kwa waya. Baba akapewa waya, akakafunga, maana mkutano ukishaamua umeamua.

Bwana mkubwa akaja. Tukaimba mpaka sauti zikakauka. Dereva, mjomba Simoni, akakanyaga mafuta. Mluzi ukawa yowe, yowe likawa kilio, halafu pa! Moshi wa bluu ukatufunika. Simoni akavuta waya wa kuzimia injini, lori likazidi kunguruma. Sili ya tabo, ile pete inayozuia oili isivuje, ilikuwa imekatika, oili ya injini ikawa inavutwa pamoja na hewa, na injini ya dizeli ikipata oili inaifanya chakula. Hata uifungie mafuta, itajila yenyewe mpaka ipasuke.

Watu wakakimbia, baba akakimbilia kwenye lori. Njiani alimvua Mwenyekiti koti, akalikunja, akaziba nalo mdomo wa tabo unaovuta hewa, akalikandamiza kwa kifua. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Neno la kwanza kusikika lilikuwa, "Koti langu!" La pili, kutoka kinywa hicho hicho, lilikuwa, "Mheshimiwa, huyu fundi ametuhujumu!"

Enzi hizo neno hilo halikuwa la mzaha. Ukiitwa mhujumu unapandishwa Landrova, na kurudi ni majaliwa. Mtoto wa Mwenyekiti akanigeukia, "Baba yako anafungwa." Nikamng'ata sikio. Mpaka leo akinisalimia anasimama mbali.

Bwana mkubwa akauliza nani aliamua kufunga kale kamlango. Baba akaendelea kufuta mikono. Hakuwa mtu wa kuchongea, hata waliostahili. Polisi mmoja akaanza kusogea.

Ndipo bibi yetu mmoja, Bibi Nambeye, akanyoosha mkono. "Mimi, baba. Nilipiga kura. Nilidhani tunaibiwa."

Mama akanyoosha. Simoni naye. Kisha mwalimu, kisha uwanja wote. Mkono uliobaki chini ulikuwa mmoja. Mwenyekiti akatazama kulia, akatazama kushoto, akaupandisha taratibu mpaka usawa wa sikio, kama anajikuna.

Bwana mkubwa akahesabu kwa macho, akachoka. "Sasa niwafunge wote? Kahawa atachuma nani?" Akapanda gari lake. Usiku huo baba alilala nyumbani. Tabo akaitupa, na lori likarudia mwendo wake wa maiti.

Siku hizi mafundi wanatazama kompyuta, na kila jambo lina kikundi chake kwenye simu. Juzi tu vijana wa kwetu, watu themanini kikundini, waliamua kubadilisha pampu ya mashine ya kusaga. Wote tulituma dole gumba. Mashine ilipopasuka, nikatazama simu: fulani ameondoka, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Nikabaki mimi na fundi aliyeifunga pampu. Nikamwandikia, "Hata mimi nilikubali, mdogo wangu." Akajibu, "Asante, kaka. Polisi wako hapa, wanauliza kama kuna mwingine."